Kompyuta Inapolikataa Jina Lako

Leo nataka tuzungumze juu ya alama moja ndogo sana ya maandishi. Ni ile tunayoiweka juu, baada ya n na g, ili ng'ombe asisomwe ngombe na ng'ambo isisomwe ngambo. Sisi tuliosoma shule za msingi zamani kidogo tunakumbuka jinsi mwalimu alivyotusahihisha kwa kalamu nyekundu kila tulipoisahau. Alama hiyo ilimgharimu mpwa wangu mwaka mzima wa masomo.

Mambo yalikuwa hivi. Binti wa dada yangu alimaliza kidato cha sita, akaomba nafasi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja kwa jina. Maombi yalipokelewa kwa njia ya mtandao tu. Jina la ukoo wake linaanza kwa Ng', kama yalivyo majina mengi ya Usukumani, na kama lilivyokuwa jina la Ng'wanamalundi ambaye habari zake tumesimuliwa tangu utotoni. Akajaza fomu, akabonyeza mahali pa kutuma, ukurasa ukarudi mweupe ukiwa na maneno machache ya Kiingereza na namba 500. Akarudia mara ya pili, kisha ya tatu. Jioni akaja kwangu. "Shikamoo mjomba. Hii fomu haitaki jina langu."

Nikamwambia awapigie simu. Karani aliyepokea alimjibu kwa upole kabisa: "Andika bila hiyo alama, itakubali." Akaandika bila alama, na kweli ikakubali. Furaha ile ilidumu wiki chache. Siku ya kuhakiki vyeti, jina la kwenye fomu halikulingana na jina la kwenye cheti cha mtihani. Akaambiwa alete hati ya kiapo. Tukamtafuta wakili, tukalipa, hati ikapatikana; lakini siku tulipoifikisha, dirisha la udahili lilikuwa limekwisha kufungwa. Binti akakaa nyumbani hadi mwaka uliofuata.

Mimi ni mtu wa redio. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, wala si ya kompyuta. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nilimwendea kijana mmoja wa mitambo hapa kituoni kwetu, nikamwomba anieleze nini hutokea kati ya kidole kinachobonyeza na jibu linalorudi. Alinieleza kwa siku kadhaa, wakati wa chai, akichora nyuma ya karatasi za taarifa ya habari zilizokwisha kusomwa. Haya ninayowaletea leo ndiyo niliyoyaelewa, na niliyoyahakikisha baadaye kwa kusoma.

Tuanze na mfano wa ofisi. Umefika kwenye idara, mapokezi ameketi mtu mmoja. Kazi yake ni kupokea wageni na kuwapa vipeperushi vilivyokwisha chapwa. Ukimwomba kipeperushi, anakuchukulia kutoka rafuni, basi. Lakini ukija na shauri lako mwenyewe, kwamba unataka kujua jalada lako limefika wapi, mtu wa mapokezi hana jibu. Huandika maelezo yako kwenye karatasi, huipeleka kwa karani wa ndani, naye karani hutafuta katika masjala, huandika jibu, na jibu hurudi kwako kupitia mapokezi palepale.

Kompyuta inayohifadhi tovuti huitwa seva, na ndani yake mna programu inayofanya kazi ya mtu wa mapokezi. Katika miaka ya mwanzo ya wavuti, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, kazi kubwa ya seva ilikuwa ni vipeperushi: kurasa zilizokwisha andikwa. Watu walipotaka wavuti iwajibu maswali yao, ilibidi mapokezi na karani wakubaliane namna ya kupeana karatasi.

Makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa CGI, nasi kwa Kiswahili chetu twaweza kuyaita utaratibu wa langoni. Yalianza mwaka 1993 katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambako ndiko kulikotoka pia Mosaic, kivinjari kilichowafanya watu wa kawaida waipende wavuti. Seva ya kituo hicho iliandikwa na Rob McCool. Waraka rasmi wa utaratibu wenyewe, wenye namba 3875, ulitolewa mwaka 2004, yaani utaratibu ulitumika zaidi ya miaka kumi kabla ya kuandikiwa waraka wa mwisho. Nasi tunazijua taratibu za namna hiyo: zinafuatwa na kila mtu, karatasi yake inakuja baadaye.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Ombi likifika, seva huiamsha programu ya karani na kuiachia lebo zenye majina. Lebo moja, REQUEST_METHOD, husema ombi limekuja kwa njia gani. Nyingine, QUERY_STRING, hubeba maneno yaliyofuata alama ya kuuliza katika anwani. Ya tatu, CONTENT_LENGTH, husema mzigo uliokuja na ombi una urefu gani. Ziko pia lebo za anwani ya mtumaji na jina la kivinjari chake. Karani husoma lebo, hufanya kazi, kisha huandika jibu: kwanza mstari wa kueleza jibu ni la aina gani, halafu mstari mmoja mtupu, halafu jibu lenyewe. Ule mstari mtupu ukisahauliwa, seva haijui bahasha imeishia wapi na barua imeanzia wapi, na mgeni hupewa ile namba 500 aliyoiona mpwa wangu. Namba hiyo maana yake ni kwamba kosa limetokea ndani ya ofisi. Si la mgeni.

Njia za kuleta ombi zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza huitwa GET: maneno yako yanabandikwa kwenye anwani yenyewe, kama mtu aliyeandika shida yake juu ya bahasha. Inafaa kwa kuuliza tu. Haifai kwa nywila wala kwa siri yoyote, maana anwani hubaki kwenye kumbukumbu za kivinjari na za seva. Ya pili huitwa POST: maneno huwekwa ndani ya bahasha, na karani huyasoma kwa kufuata urefu uliotajwa kwenye lebo. Karani mwenye busara huweka kiwango cha juu pia. Mtu akileta bahasha yenye uzito wa gunia, humwambia arudi nayo.

Sasa tufike kwenye kiini. Programu ya karani hugawanywa katika sehemu ndogondogo, kila moja na kazi yake, ambazo waandishi wa programu huziita fanksheni. Ipo ya kusoma lebo, ipo ya kufungua mzigo, ipo ya kukagua, ipo ya kuandika jibu. Iliyonivutia mimi ni ile ya kufungua mzigo.

Kivinjari hakitumi fomu kama ulivyoiandika. Kila kisanduku cha fomu huwa jina na thamani, kati yao alama ya sawasawa, na kisanduku kimoja hutenganishwa na kingine kwa alama ya "na", yaani &. Nafasi kati ya maneno hugeuzwa kuwa alama ya kujumlisha. Alama nyingine zinazoweza kuleta utata hugeuzwa kuwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili. Alama yetu ya ng' husafiri kama %27. Hesabu hii si ya makumi, ni ya kumi na sita: mbili mara kumi na sita, ongeza saba, unapata 39, na katika orodha ya zamani ya herufi za kompyuta, namba 39 ndiyo alama ile ya juu. Kwa hiyo Ng'wandu husafiri akiwa Ng%27wandu, na akifika fanksheni inapaswa kumrudishia jina lake.

Hapa mpangilio wa kazi ni muhimu kama ilivyo katika kupika wali: huanzi kwa kupalia. Kwanza fanksheni hutenganisha visanduku kwenye alama za &. Pili, hutenganisha jina na thamani. Tatu, hurudisha nafasi kutoka kwenye alama za kujumlisha. Mwisho kabisa ndipo hufungua zile asilimia. Ukigeuza mpango huu utaona vituko. Chukua duka linaloitwa Salum & Wanawe. Ile & ya jina husafiri kama %26 ili isichanganywe na ya kutenganisha. Karani akianza kwa kufungua asilimia, & hujitokeza mapema, na duka hukatwa vipande viwili: Salum anabaki, wanawe wanapotea. Au chukua namba ya simu inayoanza na +255. Ile ya kujumlisha husafiri kama %2B. Karani akiifungua kwanza halafu akageuza alama zote za kujumlisha kuwa nafasi, namba ya simu inapoteza kichwa chake. Wangapi kati yetu wamekaa wakisubiri ujumbe wa simu ambao haukufika?

Nikamuuliza yule kijana, "Basi fanksheni ya chuo kile ilifungua vibaya?" Akatikisa kichwa. "Hapana, kaka. Pengine ilifungua vizuri kabisa. Nadhani shida ilianza baada ya kufungua."

Masjala ya kompyuta huulizwa kwa sentensi, na katika lugha ya sentensi hizo, inayoitwa SQL, jina la mtu huwekwa kati ya alama mbili za juu: moja ya kufungua na moja ya kufunga. Alama hiyo ndiyo ileile ya ng'. Karani mvivu huchukua jina la mgeni na kulibandika katikati ya sentensi bila kufikiri. Jina likiwa Juma, hakuna shida. Jina likiwa Ng'wandu, masjala husoma Ng, hukuta alama, hudhani jina limekwisha, kisha hukutana na "wandu" na kushindwa kuielewa sentensi. Hapo ndipo ukurasa mweupe hurudi.

Msomaji, usidhani hili ni la usumbufu tu. Kama jina la binti asiye na hila laweza kuvunja sentensi ya masjala, basi mtu mwenye hila aweza kuandika katika kisanduku cha jina maneno yatakayoifunga sentensi ya karani na kuanzisha sentensi yake mwenyewe: nionyeshe majalada yote, au yafute yote. Fomu inayolikataa jina la Ng'wandu kwa namna hii inatangaza kwamba mlango wa nyuma huenda uko wazi. Wengi walioambiwa "andika bila alama" wangekuwa wa kushukuriwa, maana walileta onyo bila kudai malipo.

Historia inatuonyesha mambo haya si ya kubuni. Pamoja na seva ile ya NCSA, na pia Apache iliyokuja baada yake, ilisambazwa programu ndogo ya mfano iliyoitwa phf, ya kutafuta watu katika kitabu cha anwani. Ilikuwa na fanksheni ya kusafisha maneno ya mgeni kabla ya kuyapeleka kwenye amri za kompyuta. Waandishi wake waliorodhesha alama za hatari, wakaisahau moja: ile ya kuanza mstari mpya, inayosafiri kama %0a. Mwezi Machi 1996 tahadhari ilitolewa kwa wenye seva. Mtu aliweza kuandika jina, akaweka mstari mpya, akaandika amri yake, na kompyuta ikaitekeleza.

Mwezi Septemba 2014 likaja jambo kubwa zaidi. Stéphane Chazelas aligundua kwamba bash, programu ya kupokea amri iliyo katika kompyuta nyingi sana, ilikuwa na kosa la zaidi ya miaka ishirini. Ikipewa lebo iliyoandikwa kwa namna fulani, haikuisoma tu, iliyatekeleza maneno yaliyokuwa mwishoni mwake. Nanyi mmekwisha kusikia kwamba utaratibu wa langoni huyaweka maneno ya mgeni katika lebo, hata jina la kivinjari chake. Mgeni alijitambulisha mapokezi kwa jina lililokuwa amri, na amri ikatekelezwa. Watu waliliita kosa hilo Shellshock, na wenye seva ulimwenguni kote walikesha wakiziba.

Tena la karibuni. Mwaka 2012 iligundulika kwamba PHP, ikiendeshwa kwa utaratibu huu wa langoni, ilikubali kusoma maneno ya anwani kama maagizo yake, yakianza na kistari. Pakazibwa. Mwezi Juni 2024 watafiti wa Taiwan wakaonyesha kwamba katika kompyuta za Windows zilizowekwa kwa Kichina au Kijapani, kulikuwa na alama nyingine, kistari laini, ambayo mlinzi wa mlangoni hakuitambua kuwa kistari, lakini Windows yenyewe ndani iliigeuza kuwa kistari cha kawaida. Mlinzi na mwenye nyumba walisoma alama moja kwa namna mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wakati mwingine hata ukiziba, huna budi kurudi kutazama.

Wako wanaosema: basi tukatae alama zote zisizo za kawaida, tuwe salama. Kwanza, phf inatufundisha kwamba orodha ya vilivyokatazwa husahau kitu. Pili, yupi aliyesema alama yetu si ya kawaida? Kwa mwandishi wa programu aliyezoea majina ya kwao, huenda ni takataka ya kufagia. Kwa Ng'wandu wa Shinyanga na Ng'ang'a wa Kiambu ni nusu ya sauti ya jina. Ufagio huo unafagia watu.

Dawa sahihi inajulikana tangu zamani. Karani huandika sentensi yake ya masjala kwanza, akiacha pengo mahali pa jina, kama fomu ya serikali yenye nukta nukta. Halafu hukabidhi jina pembeni, likiwa peke yake. Masjala ikilipokea hivyo, hulichukua kuwa jina tu, hata likijaa alama kutoka mwanzo hadi mwisho. Maneno ya mgeni hayachanganywi kamwe na amri za ofisi. Kazi ya kufungua mzigo nayo haina haja ya kuandikwa upya na kila mtu: ziko fanksheni zilizojaribiwa na wengi kwa miaka mingi, nazo ndizo za kutumia.

Liko jambo moja la kuongeza. Baadhi ya simu za siku hizi huandika alama ya juu iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa jicho ni mamoja. Kwa kompyuta, iliyopinda husafiri kama %E2%80%99, vipande vitatu badala ya kimoja. Kwa hiyo Ng'wandu wa simu na Ng'wandu wa cheti waweza kuonekana watu wawili, ingawa karani kafanya kila kitu sawasawa. Programu yenye adabu huzifanya alama hizo mbili kuwa kitu kimoja kabla ya kulinganisha majina.

Mtauliza kama utaratibu huu wa mwaka 1993 bado unatumika. Umepungua sana. Ubovu wake ulikuwa kwamba karani mpya aliajiriwa kwa kila mgeni na kufukuzwa baada ya jibu moja. Wageni wakiwa elfu, ofisi inajaa makarani. Mwaka 1996 ukaja FastCGI, ambao karani hubaki kazini. Mwaka 2003 waandishi wa lugha ya Python wakaandika mapatano yaitwayo WSGI, ambayo ndani yake karani mzima ni fanksheni moja: hupewa lebo zote pamoja na njia ya kutangaza kama mambo ni mema au mabaya, nayo hurudisha jibu. Mwaka 2015 Perl iliacha kusambaza zana yake maarufu ya CGI pamoja na lugha yenyewe, na Oktoba 2024 Python nayo ikaiondoa ya kwake. Lakini REQUEST_METHOD na QUERY_STRING zipo hadi leo ndani ya WSGI na PHP, kwa majina yaleyale ya Illinois. Jengo limebadilika, karatasi za masjala ni zilezile.

Nina maombi mawili. Kwa vijana wetu wanaoandika programu, kabla hamjafungua mlango, ijaribuni fomu yenu kwa jina la Ng'ang'a, kwa duka la Salum & Wanawe, na kwa simu ya +255. Ni jaribio la dakika tano. Kwa makarani wanaopokea simu, mtu akiwaambia fomu imelikataa jina lake, msimwambie alibadilishe. Andikeni malalamiko hayo, myapeleke kwa fundi siku ileile.

Nawe msomaji, ukiombwa kuacha alama ya jina lako, piga picha ya ukurasa uliokukataa, andika tarehe na saa, na uombe jibu kwa maandishi kabla ya kukubali. Laiti mimi ningalimshauri hivyo mpwa wangu jioni ile, tungalikuwa na karatasi ya kuonyesha siku ya uhakiki.

Mwenyewe sasa yuko mwaka wa pili. Kitambulisho chake cha chuo kina jina kamili, na alama ipo mahali pake. Alinionyesha kabla hata ya kuketi.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.